Kaka adai nimeuza uso wa saa ya marehemu baba

SWALI

Mzee, pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nyamasaria hapa Kisumu, na nyumbani kwetu ni Ahero. Marehemu baba yetu alikuwa karani bandarini Kisumu enzi za Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1961 alijinunulia saa ya mkono, Omega Seamaster, ile inayojijaza yenyewe ukitembea. Aliivaa hadi alipostaafu katikati ya miaka ya 1980. Baadaye mkanda ukakatika, saa ikasimama, akaiweka kwenye sanduku lake la bati. Ilikaa humo miaka na miaka bila mtu kuigusa.

Baba alipougua nilimleta kwangu nimuuguze. Akaniomba nimtolee saa yake, nami nikaipeleka kwa fundi anayekaa kwenye veranda ya duka moja karibu na Oginga Odinga Street. Fundi alisafisha mashine, akatia mkanda mpya, ikaanza kutembea. Baba akaivaa mpaka alipofariki mwaka jana, na kabla ya hapo alikuwa amenikabidhi mbele ya mama.

Juzi mpwa wangu alimleta mnunuzi wa saa za kale kutoka Nairobi. Kwa simu, kabla hajaiona, alikuwa ametaja shilingi elfu 60. Alipoishika na kuitazama kwa kioo cha kukuza akasema uso wake si halisi, umepakwa rangi, akashuka hadi elfu 12. Kaka yangu mkubwa alikuwepo. Tangu siku hiyo anasema mimi na fundi tuliung'oa uso wa kweli tukauuza, tukaweka bandia. Ameshawaambia baba zetu wadogo. Mzee, sijauza hata kijiko cha baba.

Nimeitazama kwa kamera ya simu. Uso una rangi ya chai ya maziwa, umekolea zaidi pembeni, na una vidoa karibu na saa 3 (nahesabu kwa namba za usoni, si kwa saa za Kiswahili). Neno "Seamaster" lipo ila herufi zimevimba kidogo. Kule chini kwenye saa 6 sioni neno "Swiss Made". Vijistari vya dakika upande wa kushoto havilengani sawasawa na vile vipande vya chuma vya kuonyesha saa. Mishale ina rangi ya kijani iliyofifia katikati, lakini usoni hakuna rangi kama hiyo popote. Kuna pia kivuli cha kahawia chembamba kati ya saa 1 na saa 2, nilidhani ni uchafu.

Fundi yule anasema niache wasiwasi, kuna mtu wa kuupaka uso upya ukawa mweupe kama wa dukani. Nifanye nini? Na kaka nimwambie nini?

Binti wa Marehemu, Nyamasaria

JIBU

Binti yangu, pole kwa msiba, na pole kwa maneno uliyotupiwa juu ya msiba. Nimeisoma barua yako nikarudia kipande kimoja mara kadhaa, hicho cha kivuli cha kahawia. Nitakifikia. Kwanza nikuombe jambo ambalo haliwezi kusubiri: fundi asiuguse uso huo. Asiupake, asiufute kwa pamba, asiupulizie chochote. Ukisafishwa, ushahidi wako umekwenda.

Sasa tuutazame huo uso. Mnunuzi amesema si halisi, na kaka yako amesikia bandia. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ugomvi wenu wote umesimama hapo. Uso bandia ni bati lililotengenezwa na mtu mwingine likabandikwa jina la Omega. Uso uliopakwa upya ni bati lilelile lililotoka kiwandani Uswisi, ila rangi yake ya kwanza ilikwanguliwa, likapigwa rangi nyingine na kuandikwa tena. Kuna na aina ya tatu, uso wa kiwandani wa miaka ya baadaye, uliowekwa wakati wa matengenezo badala ya ule wa kwanza. Mnunuzi wa saa za kale hulipa vizuri kwa uso ambao haujaguswa, na bei ikishuka kwa sababu ya rangi mpya si lazima awe anakudanganya. Lakini saa iliyopakwa rangi haijaibiwa kitu.

Kwa uliyoyaeleza, naamini mnunuzi amesema kweli kuhusu rangi. Kiwandani maandishi ya uso hupigwa kwa bamba la chuma lililochongwa. Wino hujazwa kwenye mchongo, kipande laini hubonyezwa juu yake kikauchukua, kisha kikaushusha usoni. Ukitazama kwa lenzi ya fundi unaona herufi zina kingo kali na wino umeinuka kidogo juu ya rangi, hata kwenye maneno madogo kuliko punje ya mtama. Wapakaji wa mitaani hawakuwa na mabamba ya Omega. Walitumia waliyokuwa nayo, na ndiyo maana herufi huvimba, mikia ya mwandiko hukatika, na nafasi kati ya herufi hazilingani. Vijistari vya dakika kutolengana na alama za saa ni dalili ya namna hiyohiyo. Kiwanda kile hakikuachia uso wa hivyo kutoka. Na "Swiss Made" kukosekana pale chini, kwa Seamaster ya miaka hiyo, kunaongeza uzito, ingawa peke yake nisingeifanya hukumu, maana maneno hayo hukaa ukingoni kabisa na wakati mwingine ukingo wa kasha huyameza.

Lakini dalili ninayoitegemea zaidi ni mishale. Umesema ina rangi ya kung'aa gizani na usoni hakuna. Saa iliyotoka kiwandani na mishale ya kung'aa huwa na vitone vya rangi hiyohiyo usoni, kwenye ncha za alama za saa au pembeni yake, la sivyo gizani ungeona mishale miwili inaelea bila kujua inaelekea wapi. Kwa hiyo ama mishale ililetwa kutoka saa nyingine, ama uso ulikuwa na vitone na mpakaji hakuvirudisha. Hilo la pili ndilo la kawaida kwa wapakaji. Vitone ni kazi ya mkono, na mteja mara nyingi alitaka tu uso uwe mweupe.

Basi turudi kwenye kivuli. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, rangi ya kung'aa ya saa nyingi ilichanganywa na radiamu, madini yanayotoa mionzi kwa muda mrefu sana. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600 hivi. Baadaye viwanda vikahamia tritiamu, ambayo hupungua nusu kwa miaka 12 tu, na nyuso nyingi za tritiamu huandikwa herufi T pembeni ya neno "Swiss" pale chini. Saa ya 1961 inaweza kabisa kuwa na radiamu. Na radiamu ina tabia moja: saa ikisimama, mishale ikalala mahali pamoja miaka mingi, mionzi huunguza rangi ya uso iliyo chini yake. Hubaki alama ya kahawia yenye umbo la mshale.

Kama hicho ulichodhani ni uchafu kina upana wa mshale wa saa na kimeelekea katikati ya uso, basi mshale ulilala hapo kwa miaka mingi. Na saa hii ililala lini? Umeniambia mwenyewe: kwenye sanduku la bati, baada ya baba kustaafu, kabla hujaipeleka kwa fundi wa Oginga Odinga Street. Kivuli kimekaa juu ya rangi mpya. Maana yake rangi hiyo ilikuwa tayari usoni saa ilipoingia sandukuni. Fundi wako hawezi kuweka uso leo ukapata alama ya namna hiyo kesho, wala kwa mwaka, wala kwa miwili.

Angalia na ile rangi ya chai ya maziwa iliyokolea pembeni. Nyuso zinazopakwa huanza nyeupe, kisha vanishi ya juu hugeuka taratibu kwa hewa, joto na unyevu, na vidoa vya karibu na saa 3 ni pale unyevu ulipopenyea, kwenye kile kifundo cha kuvutia ukirekebisha mishale. Mpira wake ukichakaa, jasho huingia humo. Kazi ya juzi isingekuwa imefikia hapo.

Kwa hiyo, kwa kadiri barua inavyoweza kuonyesha, baba yako ndiye aliyeupaka uso huo, au tuseme aliyeulipia. Halikuwa jambo la aibu. Zamani, mtu aliyepeleka saa nzuri kwa fundi aliulizwa kama angependa uso usafishwe pia, naye akaona ni heshima saa irudi inang'aa. Muulize mama. Usimuulize kwa kumwelekeza. Mwambie tu akueleze saa ile iliwahi kupelekwa kutengenezwa lini na ilirudije. Wake hukumbuka vitu vya waume zao kuliko tunavyodhani.

Hata hivyo mimi nimesoma barua tu, na kaka yako hatatulizwa na barua. Saa ifunguliwe mbele yake. Nenda naye, na mmoja wa baba zenu wadogo awepo, kwa sababu wao ndio walioambiwa habari ya upande mmoja. Kama hutaki fundi yuleyule, kwa vile naye ametajwa katika lawama, tafuta mwingine hapo Kisumu au hata Nakuru, mtu mwenye funguo za kufungulia kifuniko bila kukikwaruza. Mwambieni mapema kwamba mmekuja kutazama, si kutengeneza.

Kifuniko cha nyuma kikitoka, kigeuzeni mtazame ndani. Mtaona chapa ya Omega na nambari ya kielelezo, ya tarakimu 4 au 5 kwa saa za wakati ule. Kisha mwambie fundi aelekeze mwanga upande ndani ya kifuniko. Mafundi wa saa wana mazoea ya kukwaruza kwa sindano alama ndogo kila wanapofungua saa: tarehe, herufi za jina, nambari ya risiti. Unaweza kukuta mikwaruzo ya mafundi kadhaa imepangana humo. Ukiona mwaka, hata kama ni tarakimu mbili tu, piga picha. Huo ni mwandiko wa mtu asiyejua kuna ugomvi wowote.

Kwenye mashine yenyewe kuna nambari nyingine, ya tarakimu 8, iliyochorwa kwenye chuma. Saa za Omega zilizotengenezwa karibu na 1959 huanzia milioni 17, na za 1961 milioni 18. Saa iliweza kukaa dukani mwaka au miwili kabla ya kununuliwa, kwa hiyo ukikuta 17 au 18 mwanzoni, inaafikiana na aliyokueleza baba. Hapo mtakuwa na dalili nzuri kwamba mashine ni ya wakati wake hata kabla hatujaugusa uso.

Uso wenyewe utolewe tu kama fundi ana mkono mwepesi, na hapa nikuonye. Kama ni radiamu, vumbi lake ndilo baya. Saa ikiwa imefungwa unaweza kuivaa, lakini rangi ya mishale isikwanguliwe, na mtu yeyote asiipulize kwa mdomo kama mafundi wengi wanavyofanya kuondoa vumbi. Watoto wasiwepo. Uso ukitoka, ugeuzwe mgongo. Bati la kiwandani lina miguu miwili midogo inayoingia kwenye matundu ya mashine bila kulazimishwa. Kama miguu ni ya asili na imekaa, hiyo ni dalili nzito kwamba bati ni la saa hii, na habari ya uso wa kweli kuuzwa inakosa nguvu. Kama imekatwa na uso umegandishwa kwa gundi, hapo nitakubali kwamba kuna swali la kujibiwa. Tazameni pia ukingo wa bati. Wapakaji walikuwa wakikata mfuo mdogo ukingoni ili bati lisizunguke wakati wa kuandika. Mkiuona, mjue lilipita mikononi mwa mpakaji, na bila bati hilo mpakaji asingekuwa na cha kukata.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji kufungua chochote. Ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, ambayo wenye maduka wanayo kaunta, imulike mishale mkiwa gizani. Rangi ya zamani huweza kuwaka taa ikiwa juu yake, lakini ukizima inazimika hapohapo. Ikiendelea kung'aa kwa nguvu baada ya taa kuzimwa, mishale ilitiwa rangi mpya, na basi hoja yangu ya kivuli itabidi ipimwe upya.

Na zitafuteni picha. Karani wa bandari aliyenunua Omega mwaka 1961 hakuacha kupiga picha studio, mkono wa kushoto ukiwa mbele na shati limekunjwa. Piga picha hiyo kwa simu, uikuze. Picha za zamani za studio zilipigwa kwa negativu kubwa na zina undani kuliko tunavyofikiri. Huenda usisome maandishi, lakini utaona kama uso ulikuwa na vitone pembeni, na kama alama za saa zilikuwa hizihizi. Ukipata mbili, moja ya ujana na moja ya karibu na kustaafu, na vitone viko kwenye ya kwanza na havipo kwenye ya pili, mpelekee kaka zote mbili bila kuongeza neno.

Wasomaji wengine wameniandikia kuhusu Seiko 5 za baba zao, ambazo zilijaa mikononi mwa watu wa huku kuliko Omega, nami nitawajibu hapa kwa ufupi. Mtazame chini kabisa ya uso, chini ya saa 6. Kuna maandishi madogo mno yenye nambari. Tarakimu 4 za kwanza zinapaswa kuwa sawa na 4 za kwanza za nambari iliyo nyuma ya kifuniko, kwa sababu ni namba ya mashine. Zinazofuata zinaweza kutofautiana, msishtuke; moja ni ya uso na nyingine ni ya kasha. Maandishi hayo yakikosekana, na uso una rangi kali ya machungwa au zambarau unaometa kama mpya kwenye kasha lililochakaa, umepakwa mitaani. Zinaletwa nyingi za hivyo kutoka India. Saa itatembea vizuri tu, ila usiinunue kwa bei ya uso wa kiwandani.

Turudi kwako. Kuhusu bei, sina sababu ya kumtetea mnunuzi. Uso uliopakwa hushusha thamani sana, lakini kushuka kutoka elfu 60 hadi elfu 12 kabla hajafungua kifuniko na kuona mashine ni mtu anayepima hitaji lako. Usimuuzie sasa. Ukija kuuza siku nyingine, kwa huyu au kwa mwingine, sema waziwazi kwamba uso ulipakwa upya zamani, onyesha picha za ndani na nambari zote mbili, kisha ngoja bei. Ila mimi ningekushauri usiuze kabisa maadamu kaka yako ana neno. Pesa zitakazotoka humo zitamthibitishia alichokuwa akikisema.

Na kwake, kabla ya safari ya kwa fundi, usiende na hoja za radiamu na miguu ya bati. Ni mkubwa wako, na amefiwa kama wewe. Saa ya baba kumwendea binti, katika nyumba zetu nyingi za huku, ni jambo ambalo mtoto wa kiume wa kwanza hulisikia moyoni hata asipolisema, na yawezekana ugomvi wa uso umempa tu mahali pa kuliweka. Mwite kwa heshima yake. Mwambie: "Kaka, nimeelewa una shaka. Mimi pia nataka kujua. Twende tukafungue pamoja, na baba mdogo awe shahidi." Usimwombe msamaha kwa kosa usilofanya, wala usimtake yeye aombe kwako mkiwa kwa fundi. Mama akiwepo nyumbani mtakaporudi, arudie mbele yenu wote yale maneno ya baba alipokukabidhi saa. Hilo nalo lisemwe mchana kweupe, lisibaki la wewe na mama.

Fundi wa veranda umshukuru kwa wazo lake, umwambie hapana. Nia yake ni njema. Kwake uso mweupe ni kazi nzuri. Lakini akiupaka, kivuli kile kinaondoka, na ndicho kinachosema kwa nguvu zaidi kwamba wewe hukuwa na mkono katika jambo hili.

Siku mtakayofungua, mkiwa mmemaliza kupiga picha, kifuniko kirudishwe na pete mpya ya mpira, na mpira wa kile kifundo nao utazamwe. Hiyo ni kazi ya bei ndogo na fundi yeyote wa saa anaijua. Hapo Nyamasaria uko karibu na ziwa, hewa ina unyevu, na vidoa vya saa 3 vitaendelea kutambaa kama unyevu hauzuiwi. Usiivae kwenye mvua wala ukifua. Ukiihifadhi, iweke kwenye kopo kavu pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya, mbali na chumba wanacholala watoto. Ukipata picha za ndani ya kifuniko, nitumie; ningependa kuiona hiyo mikwaruzo.